Familia ya Jiwe Moja

Sura ya Saba

Saa nne kasoro robo asubuhi, Inspekta ambaye kituo kizima kilimwita Mama Kwa Nini alikuwa amebakiwa na saa tano na robo za kumwokoa mtu aliyemtia pingu kwa mikono yake mwenyewe. Saa tisa alasiri mtunza bustani angesomewa shtaka la mauaji mahakamani na kupelekwa rumande, na mzee yule alikuwa na pumu. Siku nane za mahabusu zilikuwa zimemkausha kama kuni. Rumande ingemmaliza.

Kwenye benchi la mapokezi, binti yake alikuwa ameketi pale pale alipoketi jana na juzi, sare ya unesi imekunjamana, mfuko wa plastiki magotini. Ndani ya mfuko mlikuwa na kipulizio cha pumu na viatu vya baba yake. Mahabusu huingia pekupeku, na binti alishaapa kwamba baba yake hatatoka pale bila viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nitakula akitoka."

Inspekta alimpita haraka, bahasha mbili na ripoti moja kwapani, na Koplo nyuma yake akimalizia andazi.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi mno, na urahisi huo ndio uliomnyima usingizi. Profesa wa mimea alikutwa amekufa nyuma ya jengo la hifadhi ya vielelezo, saa nane mchana, watu wakiwa wamekwenda kula. Alikuwa amelala chini ya ngazi ya nyuma, kando ya ukuta wa mawe wa bustani, kichwa kimepasuliwa. Ndani ya jeraha mlikuwa na vipande vya ukoga wa rangi ya njano, ule unaoota juu ya mawe ya zamani, na ukuta ule nao ulikuwa na ukoga wa njano. Tena siku moja kabla, watu kumi walimsikia mtunza bustani akimfokea marehemu: "Ukinigusia tena habari ya ukuta huu, jiwe lake moja litakuwa mto wako!" Maneno ya hasira, lakini mdomo uliponza kichwa. Naibu Mkuu wa hifadhi alijitolea kupima vinasaba vya vipande vile, bila hata kuombwa mara mbili, akaandika kwamba vya jeraha na vya ukutani vinafanana asilimia mia.

Hayo yote yalikaa sawa mpaka jana jioni, Inspekta alipomuuliza mzee swali ambalo hakuna aliyelifikiria: mligombania nini hasa?

"Niliusugua ukuta," mzee alijibu, pumzi zikimkwaruza. "Kwa brashi na sabuni, upande wote wa ngazi. Mimi naona uchafu, yeye akasema nimeua viumbe vyake. Karibu alie, mama. Mtu mzima, msomi, analilia ukoga!"

Upande wa ngazi ulisuguliwa siku moja kabla ya kifo. Basi kwa nini jeraha liwe na ukoga wa ukuta uliokwisha takata?

*

Mtu pekee aliyeweza kusoma ripoti ile kwa jicho jingine alikuwa mwanafunzi wa mwisho wa Profesa, ambaye sasa alifundisha sayansi katika shule ya sekondari. Wanafunzi wake walimwita Dakta Kuvu, naye alilipenda jina hilo. Walimkuta maabara, mkono mmoja umeshika chaki, mwingine unafuta meza. Macho yalimvimba kidogo. Ni wazi alikuwa bado anamlilia mwalimu wake. Lakini alipoipata ripoti, machozi yalipata kazi nyingine.

"Nani kaandika hii?"

"Naibu Mkuu," Inspekta alisema. "Kwa nini?"

Dakta Kuvu aliipitia mara ya pili, kidole kikikimbia chini ya mistari, kikasimama kwenye herufi na tarakimu ndogo chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo polisi wote watano walioisaini hawakufika.

"Dada, hii ndiyo namba ya kipimo. Ukipima vinasaba, unachagua utapima vya nani. Na ndani ya ukoga huu wamo wawili."

Koplo aliinamia bahasha. "Wawili wapi? Mimi naona unga wa njano."

"Kaka, hiki unachokiona ni nyumba. Aliyejenga ni kuvu: kuta zake, paa lake, hata rangi yake. Ndani amemweka mwani, kijani kidogo usichokiona, anayepika kwa mwanga wa jua. Wanakula pamoja."

"Mume na mke."

"Haya, na iwe hivyo. Ila mke huyu huyu unamkuta kwa waume mia, na kila mume ana ukoo wake. Kuvu za koo mbalimbali kabisa, kila moja kwa njia yake, zilijifunza kumweka mwani ndani. Ndiyo maana sisi tukitoa jina, tunalitoa kwa kuvu. Ukitaka kujua nani ndugu wa nani, unapima kuvu." Aligonga ukurasa kwa kidole. "Hapa amepimwa mwani!"

"Kwa hiyo ripoti inasema nini hasa?"

"Inasema mpishi ni mmoja. Haisemi kwamba nyumba ni moja."

Koplo alijipiga paja. "Basi hata sisi kituoni ni ndugu wa damu, maana wote tunapikiwa na mama mmoja!"

Inspekta hakucheka. "Unaweza kupima kuvu sasa hivi?"

"Vinasaba vinataka siku mbili."

"Nina saa nne."

Dakta Kuvu alitazama kabati la dawa, kisha saa ya ukutani, kisha kabati tena. Akatoa chupa ndogo ya kahawia yenye fuvu kwenye lebo, ndugu wa ile dawa kali ya kuzibulia mabomba. "Basi tutafanya ya kizamani. Rangi hizi za njano si moja. Kuna kuvu inayojipaka njano ambayo ukiitonesha dawa hii inageuka papo hapo. Nyingine ni njano ya aina tofauti, hata uiogeshe nayo, haishtuki. Leteni cha ukutani kwanza."

Inspekta alifungua bahasha ya pili kwa koleo na kuweka kipande juu ya kigae cheupe. Tone moja likadondoka.

Kipande kiligeuka rangi ya zambarau iliyoiva, mara moja, kana kwamba kimetiwa wino. Koplo alisema "Lo!" na kurudi nyuma hatua nzima.

"Sasa cha jeraha," Inspekta alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia imepanda.

Tone la pili likadondoka. Wote watatu waliinama mpaka vichwa vikakaribia kugongana. Sekunde tano. Kumi. Nusu dakika. Kipande kililowa, kikang'aa, kikabaki njano.

"Si ndugu!" Dakta Kuvu alipiga kelele, na nje ya dirisha wanafunzi waliokuwa mapumziko wakageuka. "Si ndugu hata kidogo! Wamevaa sare moja tu!"

Alirukia ubao, akachora kwa chaki mti wa ukoo wenye matawi mengi, akaweka alama ya ukuta kwenye tawi la kushoto na alama ya kuuliza upande wa kulia, mbali kabisa. Halafu, kabla vumbi la chaki halijatua, alikuwa amekwisha kata kipande kingine cha jeraha kwa wembe, ukingoni palipokuwa na kisahani kidogo cha uzazi, na kukiweka chini ya hadubini ya shule, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Akatazama. Akaondoa jicho, akalirudisha tena.

"Nini?" Inspekta aliuliza.

"Kuvu hizi huzaa spora, yaani mbegu zake, ndani ya mifuko. Kawaida zinakuwa nane kwa mfuko. Baadhi mia na zaidi." Aliinua uso. "Hizi ni mbili, na zina mikia. Nimeziona mara moja tu maishani, juu ya jiwe moja lililoletwa kutoka kilele cha mlima, siku saba kwa miguu. Halijapatikana jingine. Jiwe hilo ndilo lililompa mtu cheo, maana aliliundia familia mpya nzima ya kuvu, akaipa jina la mama yake mzazi."

"Jiwe liko wapi?"

"Hifadhini, kabati la vielelezo vya kwanza, vile vinavyobeba majina mapya. Ufunguo anao mtu mmoja."

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Hata hivyo Koplo, ambaye alipenda haki itendeke hata kwa watu asiowapenda, alikuna shingo. "Pengine Naibu alikosea tu, Afande. Mtu anapima mwani badala ya kuvu. Mbona sisi hukosea?"

"Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza," Dakta Kuvu alisema.

"Na yeye amefundisha miaka mingapi?" Inspekta aliuliza.

"Ishirini na mbili."

Inspekta alikwisha simama. "Tazameni ujanja wake. Hakuandika uongo hata neno moja. Aliutafuta ukweli usiosema kitu, akatukabidhi, na sisi tukamfungia mzee wa watu. Asiyejua angekosea popote. Huyu alikosea mahali pamoja tu, palipomfaa." Alichukua bahasha. "Koplo, hati ya upekuzi. Kimbia. Si kutembea kwa haraka, kimbia!"

*

Ilipofika saa saba na nusu walikuwa hifadhini. Chumba kilikuwa kirefu na baridi, makabati ya chuma yamejipanga ukutani mpaka mwisho, harufu ya karatasi kuukuu na dawa ya wadudu. Naibu Mkuu aliwapokea kwa koti jeupe lililopigwa pasi, sauti ya upole, na kiti kwa kila mmoja. Alimsalimia Dakta Kuvu kama mtu anavyomsalimia mdogo wake aliyepotea.

"Hati hii haikuwa na haja," alisema. "Mngebisha hodi tu."

Ufunguo aliutoa mfuko wa kifuani. Sanduku lilikuwa la mbao, ukubwa wa mkate, na jiwe lilijaa ndani yake sawasawa. Lilikuwa zuri, Inspekta alikiri moyoni: ukoga wa njano umetandaa juu yake kama ramani, wenye visahani vidogo vilivyoinuka. Kona moja tu ilikuwa tupu, mwamba umeonekana, mweupe wa kukwanguliwa juzi.

"Kona hiyo?"

"Nilikata kipande cha kupima."

"Ulikata kwa kitu gani? Kwa nyundo?" Koplo alinong'ona. Inspekta alimkanyaga mguu.

Dakta Kuvu hakuwa anatazama jiwe. Alikuwa anatazama upande wa ndani wa kifuniko, palipobandikwa lebo ya aliyeliokota jiwe, chini yake kikaratasi cha Naibu chenye jina la familia mpya, saini na tarehe. Chini ya hicho palikuwa na pambizo tupu. Aliinamisha kifuniko kwenye mwanga wa dirisha. Umbo la mstatili liling'aa pale, ukubwa wa kikaratasi kimoja, gundi yake bado changa.

"Dada," alisema polepole, "kuna sheria moja hapa ndani iliyo kubwa kuliko zote. Jina likibadilika, hufuti la zamani, hutoi lebo ya mwenzako. Unabandika kikaratasi chako chini yake, unaweka saini na tarehe. Hata aliyekosea, kosa lake linabaki na linaheshimiwa. Profesa alitufundisha hivyo kabla hajatufundisha kushika hadubini." Alimgeukia Naibu. "Kaka, hapa palikuwa na kikaratasi."

"Gundi humwagika."

"Ikamwagika ikiwa na pembe nne?"

Inspekta aliangalia saa yake. Saa nane na dakika tano. Koplo alikwisha toa bahasha mezani, Dakta Kuvu chupa ya kahawia. Tone kwenye ukoga wa jiwe, ukabaki njano. Naibu alitazama kwa subira ya mwalimu.

"Manjano yasiyogeuka yako mengi duniani, Inspekta. Mengine yapo hata kwenye mapaa ya mji huu."

"Nimeambiwa. Ndiyo maana nimekuja kwako." Inspekta alisukuma hadubini mbele yake, kipande cha jeraha kikiwa chini ya kioo. "Ripoti yako ilipima mwani. Sasa naomba unipimie kuvu. Tazama, uniandikie jina. Kikaratasi hiki hapa, kalamu hii hapa."

Naibu aliisogeza kalamu kando.

"Una njia mbili," Inspekta aliendelea, na sasa alikuwa hana haja ya kupandisha sauti. "Ukiandika kwamba hii ni kuvu ya kawaida, ya kwenye mapaa, basi zile spora mbili zenye mikia ziko kila mahali, na familia yako haipo. Hakuna jiwe la ajabu, hakuna ugunduzi, jina la mama yako linafutwa, na umelifuta wewe mwenyewe mbele ya shahidi. Ukiandika kwamba ni ya familia yako, basi duniani kuna jiwe moja tu lililoweza kuingia kwenye kichwa cha Profesa. Nalo ndilo hili, na ufunguo unao wewe."

Mahali fulani bomba lilikuwa linadondosha maji. Naibu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Akainama kwenye hadubini. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akizungusha kirekebishi taratibu, huku na huku, na Inspekta aliona kitu ambacho hakukitegemea: mtu yule alikuwa anatabasamu. Alikuwa anawatazama wapenzi wake.

Akachukua kalamu. Aliandika jina refu la Kilatini kwa mwandiko mzuri, bila kukata hata herufi moja, na chini yake jina la familia, jina la mama yake. Akaweka saini. Akatazama kalenda ya ukutani, akaweka tarehe.

Dakta Kuvu aliliangalia jina, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Naibu alichukua chupa ya gundi, akakivuta kifuniko cha sanduku karibu yake. Halafu akasita, kikaratasi mkononi. "Hapana," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwao. "Cha Profesa kinatangulia. Tarehe yake ni ya nyuma."

Akafungua droo ya meza yake, akatoa daftari, na katikati ya kurasa zake akachomoa kikaratasi kidogo kilichobanduliwa kwa uangalifu mkubwa, pembe zote nne zimesalimika. Siku nane alikuwa nacho. Angeweza kukichoma kwa njiti moja ya kibiriti.

Inspekta alikisoma kabla hakijabandikwa. *Si familia mpya. Nimepima kuvu yenyewe mara tatu: ni ndugu wa karibu wa zile za miambani zenye njano isiyogeuka, tawi lao lile lile. Spora hupungua, ukoo haubadiliki. Spishi ibaki, familia ifutwe.* Saini ya Profesa. Tarehe ilikuwa ya siku aliyokufa.

"Nilimfungulia kabati mwenyewe," Naibu alisema. "Alitaka kulipiga picha jiwe juani. Alilibeba kama mtoto mchanga, mimi namfuata, nambembeleza. Nilimwambia mama yangu ni mgonjwa, amelitundika jina lake sebuleni kwenye fremu, asubiri tu. Akasema jiwe halijui kusubiri. Kwenye ngazi ya nyuma nikalichukua mikononi mwake." Alipaka gundi nyuma ya kikaratasi cha marehemu, akakibandika mahali pake, akakikandamiza kwa kidole gumba. "Alikuwa sahihi. Hilo nililijua tangu mwanzo. Sikuweza tu kulisoma."

"Na bado umeandika jina la familia," Inspekta alisema. "Kwa nini?"

"Kila mtu huandika anavyoona, anaweka saini. Atakayekuja atasahihisha."

Chini ya kikaratasi cha Profesa alibandika chake, akaunyoosha ukingo wake. Kisha alisimama, akanyoosha mikono mbele, na Koplo akamfunga pingu. Dakta Kuvu alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja, na hakujaribu kuficha lolote kati ya hayo mawili. Alivuta kikaratasi cheupe kutoka kwenye kibweta na kuanza kuandika chake, cha nne.

Saa nane na dakika thelathini na nane. Inspekta alikuwa ameshika simu ya mezani, akakosea namba mara moja kwa haraka.

"Mapokezi? Mwambie mkuu wa kituo asimpeleke mzee mahakamani. Hati mpya zinakuja, na muuaji mwenyewe yuko nami. Ndiyo, nimesema asimpeleke! Sasa niitie yule binti wa kwenye benchi."

Alisikia hatua za mbio upande wa pili, kisha pumzi.

"Mama?"

"Mwanangu," Inspekta alisema, "mpelekee baba yako viatu."